KUTENGWA KUNADHURU MWILI



Wengi wetu tunajua kwamba kutengwa kunaumiza roho. Kunaumiza na mwili pia.

Inakuwaje?

Mtu akiogopa au akidharauliwa, mwili hutoa homoni iitwayo kortisoli. Sukari huongezeka katika damu na presha hupanda, ili apate nguvu ya kukimbia au kujitetea. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini mtu anayedharauliwa kila siku, au asiyejua watoto watakula nini kesho, mwili wake hautulii. Usingizi hupotea, moyo huchoka, na nguvu ya kupambana na magonjwa hupungua.

Huko Uingereza, kuanzia mwaka 1967, watafiti walifuatilia afya ya wafanyakazi wa serikali. Wote walikuwa na kazi na mshahara. Hata hivyo, wa vyeo vya chini walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi kuliko wakubwa wao, na sigara peke yake haikueleza tofauti hiyo.

Na mtoto aliye tumboni?

Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Goma kwa akina mama 25 na watoto wao wachanga. Akina mama waliopata taabu nyingi zaidi za vita walizaa watoto wenye uzito mdogo. Alama zilionekana pia katika jeni ya mtoto inayohusika na homoni hizo za hofu. Uchunguzi huo ni mdogo, wala hausemi kwamba mtoto ameharibika. Unatuonyesha kwamba mateso ya mama yanaweza kumfikia mtoto kabla hajazaliwa.

Tufanye nini?

1. Tusitukanane kwa sababu ya msaada. Mwaka 2021 chakula cha kambini hapa Rwanda kilianza kutolewa kwa makundi, kulingana na uhitaji. Aliyepewa zaidi hakumwibia jirani yake.

2. Mama mjamzito aliye peke yake tumchotee maji, tumsindikize kupima mimba.

3. Walemavu, wazee na wageni waitwe kwenye mikutano, na wapewe nafasi ya kusema.

4. Tujiunge na vikundi vya mazungumzo. Mpango wa Mvura Nkuvure, maana yake "niponye nikuponye", ulianza Byumba mwaka 2005, na baadaye ukafika katika kambi za wakimbizi. Watu 10 hadi 15 hukutana mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 15. Husikilizana, na kidogo kidogo huanza tena kuaminiana.

Kikundi hakichukui nafasi ya dawa. Mwenye presha, au aliyekosa usingizi kwa siku nyingi, aende kituo cha afya.

Kama kuna jirani ambaye hakuna anayemwita, mwite leo. Kumkaribisha ni kumlinda na ugonjwa.