Mchezo wa Kuvuta Makasia kwa Kusimama Katika Mji wa Venice

Mji wa Venice, katika nchi ya Italia, umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja, na pale ambapo sisi tungetazamia kuona barabara iko mifereji ya maji ya bahari. Motokaa haziingii humo. Kwa karne nyingi kila kitu, mboga na mawe ya kujengea, bibi arusi na maiti, kilichukuliwa kwa mashua, na mashua iliendeshwa kwa kasia. Katika kazi hiyo ya kila siku ndimo ulimozaliwa mchezo ambao hata leo huwatoa watu majumbani mwao.

Kwingi katika Ulaya mvuta kasia huketi, akaipa kisogo njia aendayo. Mtu wa Venice husimama, uso mbele, akalisukuma kasia kwa uzito wa mwili wake wote. Sababu ni maji yenyewe. Ghuba ile haina kina, na mafungu ya tope yamejificha chini yake. Asimamaye huliona fungu kabla hajakwama juu yake. Mvuvi wa Lamu apitaye kwa pondo katikati ya mikoko hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili.

Lililo geni zaidi ni kwamba kasia halifungwi. Kwetu pwani hupitishwa katika kishwara, yaani kile kitanzi cha kamba kinacholizuia lisiponyoke. Venice hulazwa tu juu ya kigingi cha mti wa jozi kiitwacho forcola, kilichochongwa hata kikafanana na kiwiko cha mtu. Kila pembe yake ina kazi: hapa kasia huwekwa kwa kwenda mbele, hapa kwa kugeuka, hapa kwa kusimamisha mashua, hapa kwa kurudi nyuma. Gondola nayo, ile mashua nyeusi ijulikanayo ulimwenguni, imeundwa makusudi isilingane pande zote. Ubavu wake wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia kwa kadiri ya sentimita 24, kusudi mtu mmoja mwenye kasia moja upande wa kulia aweze kuiendesha moja kwa moja bila kuzunguka. Mafundi wa kuchonga forcola na makasia sasa wanahesabika kwa vidole.

Siku kuu ya mchezo ni Jumapili ya kwanza ya Septemba, nayo huitwa Regata Storica. Neno regata lenyewe ni la Venice. Limeandikwa katika ramani ya mji iliyochorwa na Jacopo de' Barbari mwaka 1500, na baadaye Waingereza na wengine wakalichukua. Wanawake pia hushindana, wala hawakuanza jana. Mwaka 1493 walivuta makasia mbele ya Beatrice d'Este, mke wa Ludovico Sforza wa Milan.

Shindano lingojewalo kuliko yote ni la gondolini, mashua nyepesi za watu wawili wawili. Ziko tisa, kila moja na rangi yake, na rangi hupatikana kwa kura. Huanzia upande wa mashariki wa mji, hupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko, zikaingia Mfereji Mkuu mpaka karibu na stesheni ya reli. Hapo kuna mti uliosimikwa majini, na kila mashua sharti iuzunguke ndipo irudi. Aliye omoni hutia nguvu, lakini aliye tezini ndiye ashikaye mwendo, na akikosea kidogo pale mtini mwenzake wa nyuma amekwisha pita. Mwisho ni mbele ya jumba la Ca' Foscari. Wa kwanza hupewa bendera nyekundu, wa pili nyeupe, wa tatu ya kijani, wa nne ya buluu. Zamani huyo wa nne aliongezewa mtoto wa nguruwe aliye hai, na kwa maoni yangu wa tatu alikuwa na haki ya kumwonea wivu. Washindao miaka mitano mfululizo huitwa wafalme wa kasia.

Mabingwa wengi wametoka si katika majumba ya fahari, bali katika visiwa vya kando: wavuvi wa Burano na Pellestrina, na wakulima wa Sant'Erasmo, kisiwa ambacho hulisha mji kwa mboga zake. Rudi na Igor Vignotto, mtu na binamu yake, ni wa Sant'Erasmo. Kwa miaka mingi walishindana vikali na Giampaolo D'Este na Ivo Redolfi Tezzat, na mji wote ukagawanyika pande mbili.

Lakini injini ilikwisha kuichukua kazi ya kasia. Mashua za moto huinua mawimbi yapigayo misingi ya nyumba mchana kutwa, na kumyumbisha asimamaye katika chombo chembamba. Mwaka 1975 wenyeji walianzisha Vogalonga, safari ya kilometa 30 hivi isiyo na mshindi, ili kuyalalamikia mawimbi hayo, na sasa maelfu ya wavuta makasia huijia kutoka nchi nyingi. Meli kubwa za watalii zilikatazwa kupita mbele ya mji tangu Agosti 2021.

Shida iliyo ngumu zaidi ni ya watu. Mwaka 1951 visiwa vya mji vilikaliwa na watu 175,000 hivi. Mwaka 2022 hawakufika 50,000, kwa maana nyumba ni ghali na nyingi zimegeuzwa kuwa malazi ya wageni. Mtoto akulia bara huenda skuli kwa basi, hasimami tezini pamoja na baba yake. Kwa hiyo vyama vya makasia ndivyo vifundishavyo sasa, hata huko Mestre, ng'ambo ya ghuba.

Walioshindwa katika Regata Storica hawangoji mwaka mzima. Katika mwezi huo huo wa Septemba kuna shindano la Burano, la mwisho wa majira, nalo wenyeji huliita la kulipiza kisasi.