Maji Salama Bukavu: Dakika Nazo ni Dawa

Kipindupindu kinapozuka kandokando ya Ziwa Kivu, swali la kwanza mjini Bukavu huwa moja: klorini ipo? Ni swali la haki, maana Kivu Kusini ni miongoni mwa mikoa ya Kongo ambako ugonjwa huo umekita mizizi kwa miaka mingi. Lakini halitoshi. Klorini haiui vijidudu vyote papo hapo inapotiwa majini. Huhitaji muda, na muda huo hauonekani kwa macho wala hauna harufu, ndiyo maana husahaulika. Mtambo unaopima klorini bila kupima dakika umepima nusu ya dawa. Na mara nyingi dakika hizo zinaweza kupatikana bila kuongeza tangi wala klorini, kwa kujenga kuta ndani ya tangi lililopo.

Mwaka 1908 mtafiti wa Uingereza, Harriet Chick, alionyesha kwamba vijidudu vilivyotiwa dawa havifi kwa mkupuo, bali hupungua kwa uwiano ule ule kadiri dakika zinavyopita. Kwa hiyo wahandisi huzidisha kiasi cha klorini kwa dakika inazokaa na maji. Shirika la Afya Duniani linataka baada ya angalau dakika 30 maji yabakiwe na klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita, pH ikiwa chini ya 8. Sharti hilo la mwisho lina uzito wa pekee huku kwetu, kwani maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH inayokaribia 9. Kwenye pH 7.5, nusu hivi ya klorini huru iko katika umbo lake kali. Kwenye pH 9, hubaki takriban asilimia 3 tu. Aliyetiliwa klorini kwa sindano katika bidoni yake ya lita 20 pale ufukweni asipunguze hata dakika moja ya nusu saa aliyoambiwa asubiri.

Hata hivyo bidoni ina faida moja: maji yote yaliyomo yamekaa na dawa kwa muda sawa. Mtambo wa mji hauna nafasi hiyo. Regideso, shirika la umma la maji, linalochota maji ya mto Murhundu upande wa Kabare, haliwezi kufunga mabomba kila nusu saa ili klorini imalize kazi. Maji huingia na kutoka mfululizo. Chukua tangi la mfano la mita za ujazo 300, linalopitisha mita za ujazo 300 kwa saa. Ukigawanya unapata dakika 60, na karatasini mambo yamekwisha. Lakini mwaka 1953 mhandisi wa kemia P. V. Danckwerts aliwapa wenzake njia ya kuichunguza hesabu hiyo, kwa kuwa maji yanayoingia pamoja hayatoki pamoja. Ikiwa yanachanganyika kabisa humo ndani, asilimia 39 hivi hukaa chini ya dakika 30, na karibu asilimia 10 hayamalizi hata dakika 6 na nusu. Wastani unabaki dakika 60 kwa sababu maji mengine huzunguka humo kwa saa kadhaa. Tatizo ni kwamba mtu hanywi wastani.

Tuseme klorini inatosha kuua vijidudu 9,999 kati ya 10,000, mradi kila tone likae dakika 60 kamili. Katika tangi linalochanganyika kabisa, klorini ile ile huacha hai karibu 1 kati ya 10. Ligawe tangi vyumba 3 vinavyofuatana, hubaki 1 kati ya 67. Vyumba 10, kama 1 kati ya 680. Hakuna gramu iliyoongezwa. Maji yamelazimishwa kufuata foleni tu, kama bidoni kwenye bomba la umma pasipo mtu wa kupenya mbele ya mwenzake. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hulihesabia tangi lisilo na kuta asilimia 10 tu ya muda wake wa karatasini, na lenye kuta nzuri asilimia 70. Kwa tangi letu la mfano, hizo ni dakika 6 au dakika 42. Kujua ukweli wa tangi fulani si kazi ngumu: humwagwa maji ya chumvi penye mlango wa kuingilia, kisha hupimwa yanaanza kutokea lini upande wa pili.

Wapo watakaosema: si tuongeze klorini basi? Ili kuzidisha kufikie 15, yaani 0.5 mara dakika 30, dakika 6 zinadai miligramu 2.5 kwa lita; dakika 42 zinadai chini ya 0.4. Kipimo kikubwa hakivuki kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 5 kwa lita, lakini kinagharimu, huzalisha kemikali zisizotakiwa kinapokutana na mabaki ya mimea, na harufu yake huwarudisha watu ziwani. Pingamizi zito zaidi ni mabomba: maji safi yakipita katika bomba linalovuja, uchafu huingia upya. Ni kweli, na ndiyo sababu klorini kidogo lazima ibaki hadi bombani. Ila masalio hayo ni ya kulinda maji njiani. Hayakuwekwa ili yamalize kazi iliyoachwa nusu kwenye tangi. Kuta pia haziondoi haja ya kuchuja tope la masika, wala haziui kimelea kama kriptosporidiamu, ambacho klorini ya kawaida hakiiogopi.

Kinachotakiwa basi ni kubadili namba inayodaiwa. Taarifa ya maji ya mji isiishie kwenye miligramu za klorini. Itaje pia dakika za yale maji yanayotoka mapema kuliko mengine, zilizopimwa tangini wala si zilizogawanywa karatasini. Wafadhili nao, kabla ya kulipia shehena nyingine ya klorini, waulize tangi lina kuta ngapi.