Kulenga wasifukazi si kudanganya

Ipo methali isemayo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vijana wetu wanaohitimu vyuoni huishika methali hii kama ngao kila waambiwapo kuwa wasifukazi wapasa kuandikwa upya kwa kila kazi inayoombwa. Hujibu kwamba shahada ni ile ile, alama ni zile zile, na tajriba ni ile ile; ya nini basi kuugeuza waraka? Wapo hata wanaodai kuwa kuugeuza ni ulaghai. Nikiwa mwalimu wa isimu, nathubutu kusema kwamba hoja hiyo haina mashiko.

Wasifukazi ni kauli, na kila kauli ina msemaji, msikilizaji na muktadha. Mwanafalsafa Paul Grice, katika makala yaliyochapishwa mwaka wa 1975, alieleza kuwa mazungumzo hufaulu kwa sababu wahusika hushirikiana: husema kiasi kinachohitajika, husema kweli, husema yanayohusiana na jambo lililopo, na husema kwa uwazi. Mwombaji anayetuma kurasa sita zenye kila alichowahi kukifanya tangu shule ya msingi amekiuka kanuni ya kiasi. Anayesimulia kwa kirefu ushindi wake katika riadha ilhali anaomba kazi ya uhasibu amekiuka ile ya uhusiano. Hakusema uongo, lakini amemwachia msomaji kazi iliyokuwa yake mwenyewe, yaani kutafuta humo sababu ya kumwajiri. Msomaji mwenye mamia ya maombi mezani hana wasaa huo.

Na tuchukue mfano wa binti aliyehitimu shahada ya ualimu, somo lake kuu likiwa Kiswahili, naye anaomba kazi tatu. Ya kwanza ni uhariri wa Hansadi Bungeni, ambako Kifungu cha 120 cha Katiba ya 2010 kinataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi. Hapa na atangulize wepesi wake wa kunukuu maneno yanayotamkwa, kasi yake ya kupiga chapa, na utafiti aliouandika kuhusu lugha ya mazungumzo. Ya pili ni kazi ya utangazaji redioni. Hapa miezi mitatu aliyofanya mazoezi kituoni na vipindi alivyoshiriki kuviandaa ndivyo vitangulie. Utafiti ule ule upewe mstari mmoja tu.

Ya tatu ni ualimu katika shule ya upili ya umma. Hapa ufundi wa maneno una nafasi finyu. Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC) hudai mwombaji awe amesajiliwa, na kwa kawaida mwenye shahada hutakiwa awe na C+ katika mtihani wa KCSE na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Waombaji hupewa alama kwa mwongozo uliotangazwa. Binti huyu na aandike namba yake ya usajili, masomo yake na madaraja yake bila madoido, kwani sifa tamu hazitamwongezea hata nukta. Akiomba katika shule ya kibinafsi, mwalimu mkuu huenda akataka pia kujua kama aweza kufunza tamthilia au kusimamia michezo.

Hizo ni nyaraka tatu za mtu mmoja, na hamna uongo katika yoyote. Kilichobadilika ni mpangilio na uzito.

Tangazo la kazi ni swali, na wasifukazi ni jibu. Basi msomaji kijana, lisome tangazo kwa kalamu mkononi. Likisema “kuratibu”, “kusimamia fedha” au “kuhudumia umma”, pigia mstari vitenzi hivyo, kisha kila kimoja ukitolee ushahidi. Kusema tu kwamba una kipawa cha uongozi ni kupoteza wino. Sema kuwa uliongoza chama cha Kiswahili chenye wanachama 80 na kutunza hazina yake kwa mwaka mzima, ikiwa ndivyo ilivyokuwa.

Nasisitiza: ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Una hiari ya kuchagua utakalolitaja. Huna hiari ya kuzua. Anayenyoosha miezi minne ikawa miaka miwili, au anayejiita meneja ilhali alikuwa msaidizi, ameshauvuka mpaka. Mnamo Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba uhakiki katika asasi za umma ulifichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi. Mahakama zetu zimewahi kuwaamuru watu walioajiriwa kwa vyeti vya aina hiyo warejeshe mishahara waliyoipokea. Njia ya mwongo ni fupi.

Kuna watakaosema kuwa haya yote ni bure, kwa kuwa kazi hupewa wenye jamaa ofisini. Sikanushi kwamba upendeleo upo, wala sidai kuwa wasifukazi uliopangwa vizuri huzalisha ajira mahali pasipo na ajira. Lakini si kila meza ina mpendeleaji, na ni msiba kuifikia meza ya haki ukiwa na waraka usiosomeka.

Vyuo vyetu navyo vina wajibu. Stadi za mawasiliano aghalabu hufundishwa mwaka wa kwanza, wakati mwanafunzi angali mbali na soko la ajira, na hajapata la kuandika. Sehemu ya somo hilo ingefaa ihamishiwe mwaka wa mwisho, na kila mwanafunzi apewe matangazo matatu halisi ya kazi, ayajibu kwa nyaraka tatu tofauti, zisahihishwe kama insha yoyote nyingine.