KUTOA ALAMA KWA HAKI: WAPISHI WA MIKUTANO NA HOTELI ZA CHAKULA

Vyama vyetu vya msingi huhitaji mpishi angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Mkutano Mkuu. Fedha anayolipwa ni ya wanachama, na kwa mama lishe mwenye masufuria manne na wasaidizi wawili, kazi ya siku hiyo moja yaweza kuwa sare na madaftari ya watoto wake kwa mwaka mzima. Hapana budi basi achaguliwe kwa njia ambayo hata aliyeshindwa ataikubali. Baadhi ya Makatibu wameanza kuweka daftari la alama, na jambo hilo ni jema. Lakini daftari la alama likitumiwa vibaya hudhulumu kuliko upendeleo wa waziwazi, maana dhuluma yake huvaa vazi la hesabu.

Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kushiriki katika dhuluma ya namna hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja upande wa Kaniha, Wilaya ya Biharamulo. Katibu alinionyesha daftari ambamo walaji waliandika alama kuanzia 1 hadi 5. Mpishi wa kwanza alikuwa amekipikia chama katika mikutano kadhaa, naye alikuwa na kura 60 zenye jumla ya alama 258, yaani wastani wa 4.3. Mpishi wa pili alikuwa amepika mara moja tu, katika kikao kidogo cha Bodi, akapata kura 3, zote 5. Katibu aliniuliza amchukue yupi. Nikamjibu bila kufikiri kwamba wastani ndio mwamuzi, na 5 ni kubwa kuliko 4.3. Siku ya mkutano chakula kilitoka saa kumi jioni na maharage hayakuiva. Yule mama wa kwanza, aliyekuwa amekwisha kununua kuni kwa matumaini ya kupewa kazi, alikuja kuniuliza kosa lake ni nini. Sikuwa na jibu.

Kosa halikuwa lake, bali letu sisi tuliohesabu. Kura tatu ni ushuhuda wa watu watatu waliokula siku moja, na huenda wawili kati yao ni majirani wa mpishi. Kura sitini ni ushuhuda wa watu wengi, katika siku za mvua na za jua, sukari ikiwepo na ikiadimika. Wastani peke yake huufuta utofauti huo wote.

Ipo dawa ambayo Katibu aweza kuitumia kwa kalamu na karatasi. Kila mpishi, mkongwe au mgeni, aanzishiwe kura 10 za dhamana zenye alama ya kawaida ya eneo, tuseme 3. Mpishi wetu wa kwanza atakuwa na alama 258 na 30 za dhamana, jumla 288, zikigawanywa kwa kura 70, jibu ni 4.1. Wa pili atakuwa na 15 na 30, jumla 45, kwa kura 13, jibu ni 3.5. Utaona kwamba mgeni hakutupwa, bali ameambiwa asubiri ajulikane. Naye akiendelea kupata alama 5 hadi kura zake zifike 60, atakuwa na 330 kwa kura 70, yaani 4.7, na hapo atampita mkongwe kwa haki kabisa. Dhamana huyeyuka kadiri ushahidi unavyoongezeka. Wataalamu wa takwimu wana njia nyingine zenye kanuni ndefu zaidi, lakini sioni sababu ya kumtesa Katibu kwa kanuni ambayo mwanachama hawezi kuihakiki mwenyewe.

Jambo la pili ni maana ya alama zenyewe. Mtu mmoja akisema 3 ana maana ya chakula kibaya, mwingine ana maana ya chakula kizuri, kwa kuwa yeye hajampa mtu yeyote 5 tangu azaliwe. Nimeona inafaa kila alama ielezwe kwa tendo badala ya sifa. 1 ni kwamba sikumaliza sahani. 2 ni kwamba nilimaliza kwa sababu ya njaa. 3, nimeshiba na sina lawama. 4, nikipita tena nitakula hapa. 5, nitamleta mgeni wangu hapa. Maneno hayo yabandikwe juu ya sanduku la kura, na asiyejua kusoma asomewe.

Yafaa pia mlaji akumbushwe kupima kile kilichoahidiwa. Pale Nyakanazi, ambapo barabara za Kahama na Kibondo hukutana, madereva wa malori yaendayo Rwanda na Burundi hula katika hoteli zilezile wanazokula wakulima wetu. Dereva aliyezoea wali na samaki wa pwani aweza kuzipa ndizi alama 2 kwa sababu tu ni ndizi, hali Mhangaza wa Ngara angeomba aongezewe. Kura ya namna hiyo haimpimi mpishi, inapima alikozaliwa mlaji. Vivyo hivyo sahani ya bei ndogo isishindanishwe na sahani ya bei kubwa, bali kila moja ipimwe katika kundi la bei yake.

Sasa nije kwenye usafi, ambapo siko tayari kulegeza kamba. Wapo wanaotoa alama kwa ladha, kwa wingi, kwa huduma na kwa usafi, kisha wakazijumlisha zote. Matokeo yake ni kwamba mchuzi mtamu hulipa deni la maji machafu. Mkulima wa kahawa haitaji kufundishwa ubaya wa jambo hilo. Kahawa iliyozidi unyevu hairuhusiwi kuingia ghalani eti kwa kuwa punje zake ni kubwa, maana itaota ukungu na kuharibu na ya jirani. Usafi nao uwe mlango wa kuingilia: maji ya kunawa yenye sabuni, choo, vyombo vilivyosuuzwa kwa maji safi, chakula kilichofunikwa. Mwenye kukosa kimojawapo asipigiwe kura kabisa hadi arekebishe.

Kuhusu namna ya kupiga kura, tuige meza ya waonjaji wa kahawa. Kwa utaratibu unaotumika duniani, sampuli huwekewa namba ili mwonjaji asijue ni ya shamba lipi. Huandaliwa vikombe vitano vya sampuli moja, si kimoja, ili kasoro ya punje moja mbovu isifichike. Waonjaji huandika kimya kimya na kuzungumza baada ya wote kumaliza, kwa kuwa mkubwa akitangulia kusema, wadogo hufuata. Mpishi hatuwezi kumficha, lakini mpiga kura twaweza. Karatasi iwe ya siri, itumbukizwe katika sanduku, ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu wa mpishi, mbele ya wanachama. Mwenyekiti asitangaze alama yake.

Huko duniani jambo hili lina historia ndefu. Kampuni ya matairi ya Michelin nchini Ufaransa ilitoa kitabu chake cha mwongozo kwa wenye magari mwaka 1900, ikaanza kuzipa nyota hoteli za chakula mwaka 1926, na ngazi za nyota mbili na tatu zikafuata mwaka 1931. Nguvu ya nyota hizo ilitokana na wakaguzi wasiojitambulisha, wanaolipa bili kama mteja yeyote. Tim na Nina Zagat wa New York walishika njia nyingine mwaka 1979, nayo ni kukusanya maoni ya walaji wa kawaida na kuyageuza kuwa alama. Njia ya kwanza ina jicho la mtaalamu lakini ni la wachache, ya pili ina macho mengi lakini hayakufundishwa. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zina vigezo vya pamoja vya kuzipa nyota hoteli za kulala na migahawa, ingawa vigezo hivyo havikukusudiwa kwa mama lishe wa kando ya barabara.

Na asidhani mtu kwamba alama ni mchezo. Mwaka 2011 Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza migahawa ya mji wa Seattle, Marekani, akaona kwamba kuongezeka kwa nyota moja katika alama za walaji kuliambatana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Ongezeko hilo lilikuwa kwa migahawa ya watu binafsi, wala halikuonekana kwa kampuni kubwa zenye matawi mengi, ambazo jina lake limekwisha kujulikana. Kwa hiyo anayeumizwa zaidi na alama mbovu ni mdogo.

Kwa sababu hiyo Katibu asitangaze wastani peke yake. Aandike ni wangapi walitoa 1, wangapi 2, na kuendelea. Hoteli yenye 3 tupu na hoteli yenye nusu 5 na nusu 1 zina wastani ule ule, lakini hiyo ya pili yaonyesha kwamba kuna siku mambo huharibika, na yafaa kuuliza ni siku gani. Kura zilizopita miaka miwili ziondolewe katika hesabu, kwa kuwa mpishi hubadilika. Tena mpishi asomewe matokeo kabla hayajabandikwa, na maelezo yake yaandikwe katika ukurasa huohuo. Kama aliletewa unga wenye wadudu na chama chenyewe, wanachama wajue.

Yule mama nilimrudia mwaka uliofuata na kumweleza hesabu ya dhamana niliyoieleza hapa. Aliisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa nini alama ya kuanzia iwe 3 na si 4, kwa kuwa kwa maoni yake wapishi wa Kaniha si wa 3. Swali lake lilikuwa la msingi. Tulifungua daftari lote, tukajumlisha alama za wapishi wote waliowahi kupikia chama, tukapata 3.8. Tangu hapo chama hicho hutumia 3.8 kuwa alama ya dhamana, na kila chama chafaa kutafuta yake kutoka katika daftari lake chenyewe.