Mchezo wa Kisima: Vijana Sita, Karatasi ya Manila na Elimu ya Kutunga Kanuni

Kila likizo inapokaribia, wazazi wetu huuliza swali lile lile: vijana tuwashughulishe na nini? Wengine huwatafutia masomo ya ziada, wengine huwapeleka mashambani kwa babu na bibi, na walio wengi huishia kuwaachia simu. Makala haya yanaeleza njia nyingine, isiyohitaji fedha nyingi wala umeme, nayo ni kuwapa vijana kazi ya kubuni mchezo wao wenyewe wa mezani, tangu wazo la kwanza mpaka kanuni ya mwisho.

Mchezo wa mezani si jambo geni kwetu. Bao la mwambao lina mashimo 32 na kete 64, na kwa vifaa hivyo vichache wazee wameketi barazani miaka na miaka wakishindana kwa hesabu na kumbukumbu. Lakini kucheza ni jambo moja, na kutunga ni jambo jingine kabisa. Mchezaji huzikuta kanuni zimekwisha kuwekwa, ilhali mtungaji huulizwa kwa nini ameziweka hivyo, na kanuni yake inamfanyia nini yule atakayeitii.

Likizo iliyopita, vijana sita wa kidato cha tatu hapa msikitini kwetu waliianza kazi hiyo. Mmoja wao ndiye aliyeleta wazo: wachezaji wanne ni wakulima majirani wanaoteka maji katika kisima kimoja. Kisimani huwekwa kete 30, nazo ndizo maji. Kila mchezaji, zamu yake ikifika, huteka ndoo moja, mbili au tatu, na kila ndoo humpatia gunia moja la mavuno. Wote wanne wakishateka, mzunguko umekamilika, na hapo hufunuliwa kadi ya hali ya hewa. Mizunguko ni minane. Kisima kikikauka kabla ya mwisho, wote wameshindwa; kikinusurika, mwenye magunia mengi ndiye mshindi.

Ubao ulichorwa kwa penseli juu ya karatasi ya manila, na kete zilikuwa mbegu za ubuyu. Hilo lilikuwa jambo la busara. Kitu kilichopambwa mapema huwa kigumu kukibadili, kwa kuwa aliyekipaka rangi hukionea huruma.

Kasoro ilijitokeza siku ya kwanza ya majaribio. Aliyejizuia na kuteka ndoo moja kila mara alimaliza akiwa na magunia manane. Jirani yake aliyeteka tatu tatu alipata 24. Baada ya kuliona hilo, hakuna aliyejizuia tena, na kisima kikawa kinakauka kila mchezo. Vijana walikusudia kufundisha ujirani mwema, kumbe kanuni zao zilikuwa zinamlipa mwenye pupa na kumcheka mwenye kiasi.

Kikundi nusura kivunjike hapo. Mwenzao mmoja alipendekeza kanuni mpya: atakayeteka ndoo moja tu aweke jiwe moja kwenye ukingo wa kisima, na mwisho wa mchezo kila jiwe lihesabiwe magunia matatu, kwa sharti kwamba kisimani zimebaki kete zisizopungua kumi. Zikipungua, mawe yote hayana thamani. Mwenye wazo la asili alikasirika. Alisema huo si mchezo wake tena, akakunja karatasi yake na kutaka kuondoka nayo.

Kilichowanusuru ni daftari. Walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba kila jaribio liandikwe: nani alicheza, kanuni ipi ilibadilishwa, matokeo yalikuwa nini, na kwamba isibadilishwe zaidi ya kanuni moja kwa wakati mmoja. Basi wakacheza mara tatu bila mawe na mara tatu kwa mawe, kisha wakasoma walichoandika. Penye mawe, mchezaji mmoja mwenye pupa alipata magunia yake 24, lakini wenzake watatu waliojizuia walipata 32 kila mmoja. Walipokuwa wenye pupa wawili, maji hayakutosha, na mawe ya wote yakapotea. Kwa hiyo wachezaji walianza kusemezana, kusihiana na kuwekeana ahadi. Mwenye wazo alikaa kimya kitambo, halafu akaikunjua karatasi yake na kuchora ukingo wa mawe kwa mkono wake mwenyewe.

Palizuka pia suala la dadu. Mmoja alitaka mvua iamuliwe kwa kurusha dadu. Wanazuoni wengi wamekataza michezo ya dadu, hata pasipo kamari, na vijana wakashauriwa watafute njia nyingine. Walitengeneza kadi nane: tatu za ukame, tatu za mvua ya kete sita, na mbili za mvua kubwa ya kete 12. Badiliko hilo liliufaa mchezo kuliko walivyotazamia. Dadu haina kumbukumbu, yaweza kuleta ukame mara nane mfululizo. Kadi zina hesabu yake: mchezaji anajua kwamba ukame ni mara tatu tu, ila hajui utakuja lini. Kwa hiyo anapanga, kama mkulima apangavyo.

Mtihani mgumu kuliko yote ulikuwa wa mwisho. Kanuni ziliandikwa kwenye ukurasa mmoja, zikapelekwa kwa familia ambazo hazijawahi kuuona mchezo, na vijana wakatakiwa wakae pembeni wasiseme neno. Familia ya kwanza ilifunua kadi kila mchezaji mmoja alipomaliza zamu, badala ya kila mzunguko, na kadi zote nane zikaisha katika mizunguko miwili. Vijana walitamani kuinuka waeleze, lakini walizuiwa. Usiku ule waliiandika upya sentensi moja tu, nayo iliwachukua muda mrefu kuliko kuchora ubao wote.

Lilibaki suala la majina: mchezo huu ni wa nani? Hapa historia ina funzo. Mwaka 1904, mwanamke wa Marekani aitwaye Elizabeth Magie alipewa hataza ya mchezo alioubuni ili kuonyesha madhara ya watu wachache kuhodhi ardhi. Kulikuwa pia na kanuni ambazo kwazo kodi ya ardhi iliingia katika hazina ya wote badala ya mfuko wa mmoja. Mwalimu wa uchumi Scott Nearing aliutumia na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mchezo ukaenea kwa nakala za mkono, kila kundi likiongeza lake. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers iliununua mchezo wa namna hiyo kutoka kwa Charles Darrow, ukauzwa duniani kwa jina la Monopoly. Magie aliuza hataza yake kwa dola 500, na kwa miongo mingi sifa ya ubunifu alipewa Darrow. Mchezo uliotungwa kuonya dhidi ya uhodhi ukabaki na kanuni za kuhodhi tu, na jina la aliyeutunga likafutika.

Vijana wetu walipoisikia habari hiyo waliandika majina yote sita nyuma ya ubao, na mbele ya kila jina kazi yake: aliyeleta wazo, aliyebuni mawe, mchoraji, mwandishi wa kanuni, mtunza daftari na msimamizi wa majaribio.

Mzazi au mwalimu anayetaka kujaribu nyumbani au madrasa ahitaji kushika mambo machache. Kikundi kisizidi watu sita. Waanze na swali moja: mchezaji akifikiwa na zamu, anachagua nini, na uchaguzi huo una ugumu gani? Wacheze siku ile ile ya kwanza, hata kama ubao ni mchoro wa chaki sakafuni. Na mzazi asiwe mwepesi wa kusuluhisha kila ugomvi. Awaulize tu: daftari linasema nini?

Mchezo wa Kisima sasa umo katika kisanduku cha viatu kwenye kabati la madrasa. Vijana hao wanaandaa kanuni za wachezaji sita, na hesabu ya maji bado inawasumbua.