Vinu vya Kinderdijk (2): Kinu Kilichokarabatiwa Kiachwe Kifanye Kazi

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi Waholanzi walivyozungushia ardhi ya bondeni matuta, wakawa wanayatoa maji yake kwa nguvu za upepo. Swali la leo ni hili: kinu cha zamani kikishakarabatiwa kwa gharama kubwa, kitumiweje? Wapo wanaoona inatosha kipakwe rangi, kifungwe breki, watu wakitazame. Mimi nashikilia kwamba kinu cha kutolea maji kisichozunguka kimehifadhiwa nusu tu, na ushahidi wa rai hii uko ndani ya kinu chenyewe.

Tuchukue vinu 19 vya Kinderdijk, Uholanzi, vilivyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Vinane vya eneo la Nederwaard ni vya matofali na vilijengwa mwaka 1738. Vinane vya eneo la Overwaard, vya mwaka 1740, vimeezekwa kwa matete. Udongo wa huko ni laini, na kila unapokaushwa hushuka, hivyo maji hayakuweza tena kutiririka yenyewe hadi mtoni. Kinu kiliyachota kwa gurudumu kubwa lenye vibao, kikayapandisha hadi kwenye bwawa la akiba, nayo yakasubiri humo mpaka mto ushuke ndipo milango ya maji ifunguliwe. Mwendesha kinu alilazimika kusoma anga tangu alfajiri. Upepo ukigeuka, alikwenda nyuma ya kinu, akakanyaga mikono ya gurudumu la kuvutia mnyororo, na kofia nzima ya kinu ikageuka taratibu pamoja na mabawa yake. Upepo ukizidi, alisimamisha mabawa na kukunja matanga ya turubai, bawa moja baada ya jingine. Meno ya magurudumu ni ya mbao na hupakwa nta ya nyuki. Ekseli nzito ya mabawa hulainishwa kwa mafuta ya nguruwe pale inapolalia jiwe. Hakuna kibao cha maelezo kinachoweza kumfundisha kijana ni wakati gani breki ikamatwe. Hilo hujulikana kwa mkono na sikio, tena kinu kikiwa kinazunguka.

Atakayepinga atasema kwamba mashine zilikwisha kuchukua kazi hiyo. Ni kweli: pampu za mvuke zilianza kufanya kazi Kinderdijk mwaka 1868, na leo pampu za kisasa hutoa maji mengi zaidi bila kungoja upepo. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mafuta yalipoadimika, vinu vya Kinderdijk vilirudishwa kazini. Hilo liliwezekana kwa sababu vilikuwa bado vizima na wenye kuvijua walikuwepo. Sisemi kwamba Uholanzi iiache pampu ya umeme iutegemee upepo huu wa kale; nasema kwamba chombo kinachoweza kazi yake kina thamani ambayo sanamu yake haina.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kuzunguka kunachakaza, na kila bawa jipya linaloingia linaondoa mbao ya karne zilizopita. Ni kweli pia. Hata hivyo mabawa, meno na matete yalikuwa yakibadilishwa tangu enzi za waliovijenga, maana kinu kilibuniwa kitengenezwe daima. Kinachosimama nacho huoza, kwani bawa lililoganda mahali pamoja hunyeshewa upande uleule, na hitilafu inayokua ndani hakuna wa kuisikia. Kwa hiyo uchakavu upo njia zote mbili. Tofauti ni kwamba kinu kinachozunguka kina mtu anayekikagua.

Waholanzi wenyewe wameielekea rai hii. Chama cha De Hollandsche Molen, kilichoundwa mwaka 1923 vinu vilipokuwa vikibomolewa kwa wingi, kilianza kwa kutafuta namna ya kuviboresha viendelee na kazi. Mwaka 1972 likaanzishwa shirika la waendesha vinu wa kujitolea, na mwaka 2017 ufundi wao nao ukatambuliwa na UNESCO. Hata miti na majengo ya jirani huwekewa kikomo cha kimo, yasikizibie kinu upepo. Basi anayetoa fedha za ukarabati atoe pia za kumfunza mwendeshaji, na zote mbili ziandikwe katika bajeti moja kabla mbao ya kwanza haijanunuliwa.