Kuishusha Pikipiki kwa Ajili ya Mpandaji Mfupi

Afisa ugani mmoja, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, hufanya kazi katika vijiji vilivyo kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Kimo chake ni sentimita 154. Pikipiki aliyokabidhiwa kwa kazi ilikuwa na kiti kilichoinuka sentimita 83 kutoka ardhini. Katika miezi minne ya kwanza alianguka mara tano, na mara ya tano alivunjika kifundo cha mkono. Hakuna hata mara moja aliyoanguka akiwa katika mwendo. Kila mara pikipiki ilikuwa imesimama, au ilikuwa karibu kusimama: kwenye njia panda, mbele ya ng'ombe waliokuwa wakivuka, mlangoni pa ghala. Aliponisimulia habari hii aliongeza kwamba wenzake walikwisha kukata shauri kuwa hajui kuendesha, na kwamba mkubwa wake alikuwa akifikiria kumpa mtu mwingine pikipiki ile.

Mwaka 2022 maafisa ugani nchini Tanzania walipewa maelfu ya pikipiki, na wauguzi, walimu na wanafunzi wanaopanda vyombo hivi wanazidi kuongezeka. Kwa hiyo swali la mpandaji mfupi si la mtu mmoja. Nalo, kwa bahati njema, ni swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulishughulikia kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na jambo moja lililo dhahiri katika maelezo ya afisa yule. Pikipiki iendayo kwa kasi ya kutosha haimhitaji mpandaji aiegemeze kwa mguu. Inapoinama upande mmoja, usukani nao hugeukia upande uo huo, na magurudumu huja chini ya uzito na kuuinua tena. Zamani ilidhaniwa kwamba siri yote imo katika mzunguko wa magurudumu, kama ule wa pia. Mwaka 2011 watafiti wa vyuo vikuu vya Delft na Cornell walionyesha kwa baiskeli ya majaribio kwamba chombo chaweza kujisimamisha hata athari hiyo ikiondolewa. Kwa vyovyote, katika mwendo urefu wa miguu hauna kazi kubwa. Dani Pedrosa wa Hispania, mwenye kimo cha takriban sentimita 160, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki mara tatu, mwaka 2003, 2004 na 2005. Tabu ya mtu mfupi huanza pale magurudumu yanaposimama.

Momenti ya kuanguka

Tuchukue pikipiki yenye kilo 120 na mpandaji mwenye kilo 55. Tuseme kitovu cha uzito wa pikipiki kiko sentimita 55 juu ya ardhi, na kile cha mpandaji aliyeketi kiko mita moja. Kwa hesabu ya wastani wenye mizani, kitovu cha wote wawili kwa pamoja kiko karibu sentimita 69 juu ya ardhi, na jumla yao ni kilo 175. Pikipiki ikisimama wima kabisa, uzito huo wote hupita katika matairi, na mguu haubebi chochote. Ikiinama nyuzi 5, kitovu husogea pembeni kwa sentimita 69 zikizidishwa kwa saini ya nyuzi 5, yaani sentimita 6. Ikiwa mguu umekanyaga sentimita 40 kutoka mstari wa matairi, utabeba 6/40 ya uzito wote, ambayo ni kilo 26. Mtu mzima huweza kubeba mzigo huo bila shida.

Sasa acha iiname nyuzi 15. Kitovu kimesogea karibu sentimita 18, na mguu wadaiwa kilo 78. Mpandaji wetu ana kilo 55. Anatakiwa kuhimili kwa mguu mmoja mzigo unaozidi uzito wa mwili wake kwa karibu nusu, pengine akiwa amekanyaga kwa ncha za vidole juu ya kokoto. Hakuna mazoezi yatakayomwezesha kufanya hivyo kila siku.

Hapo ndipo urefu wa mguu unapoingia. Mwenye miguu mirefu hukanyaga ardhi pikipiki ikiwa bado wima, na kila inapoanza kuinama huirudisha kwa msukumo mdogo. Mwenye miguu mifupi hana budi kuiinamisha kwanza ndipo mguu ufike chini. Nyuzi zile za mwanzo, ambazo ni rahisi kuhimiliwa, amekwisha kuzitumia katika kuitafuta ardhi.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa baiskeli iliyopandishwa kiti na mizani ya kupimia uzito wa mtu. Mwanafunzi mmoja aketi na mguu wake ukanyage mizani. Wawili wasimame kando wamlinde. Mwingine apime pembe kwa timazi na kipimapembe. Idadi itakayosomwa kwenye mizani itapanda upesi kuliko wengi wanavyotazamia.

Sentimita zipatikanazo kwa urahisi

Kabla ya kufungua hata nati moja, mpandaji apimwe. Avue viatu, asimame akiegemea ukuta, kitabu kipandishwe katikati ya mapaja mpaka kizuiwe, kisha ipimwe kutoka mgongo wa kitabu hadi sakafuni. Afisa wetu alipata sentimita 70. Ukizilinganisha na sentimita 83 za kiti, pengo ni 13. Kiatu chenye soli nene ya sentimita 3 hulipunguza hadi 10, nalo ndilo badiliko lisilo na hatari yoyote, ingawa mpandaji atahitaji siku chache kuzoea kuihisi gia kupitia soli ile.

Kinachofuata ni kiti, na hapa mafundi wengi hufanya haraka. Wao huona kimo tu na kusahau upana. Kiti kipana huyasukuma mapaja nje, na mguu uliosukumwa nje hauendi chini moja kwa moja. Kanuni ya Pithagorasi yatosha kulithibitisha hilo. Mguu wa sentimita 70 ukikanyaga sentimita 30 kando ya nyonga, umbali wa wima unaofikiwa ni kipeo cha pili cha 4,900 toa 900, yaani sentimita 63 tu. Ukikanyaga sentimita 20 kando, hufika 67. Kwa hiyo kukipunguza kiti pembeni, pale mbele karibu na tangi ambapo mapaja hupita, huleta takriban sentimita 4 bila kugusa kimo chake. Sponji ya juu nayo yaweza kukatwa sentimita 2 au 3, mradi ile inayobaki iwe ngumu zaidi. Sponji laini na nyembamba itamfanya mpandaji aketi juu ya bati, na barabara ya changarawe itamfikia uti wa mgongo.

Baada ya kiti huja springi. Springi hulegea au kubonyea kwa kadiri ya kani inayoikandamiza, kama alivyoonyesha Robert Hooke katika karne ya 17. Tuseme springi za nyuma zinahitaji niutoni 20 kwa kila milimita moja ya kubonyea, na asilimia 65 ya uzito wa mpandaji huangukia nyuma. Mtu wa kilo 80 atazibonyeza milimita 25. Mtu wa kilo 50 atazibonyeza milimita 16. Tazama basi dhuluma iliyojificha hapa: aliye mfupi kwa kawaida ndiye aliye mwepesi, na kwa kuwa ni mwepesi, kiti humbakia juu karibu sentimita moja zaidi kuliko kinavyombakia mtu mrefu aliyekwisha kukifikia.

Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi zina pete yenye ngazi, ambayo huzungushwa ili kuikaza au kuilegeza springi. Kuilegeza hushusha kiti kidogo. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kufanya hivyo huifanya springi kuwa laini. La hasha, ugumu wake ni ule ule, kinachobadilika ni mahali inapoanzia kazi. Mpandaji akumbuke kuikaza tena anapobeba abiria au gunia la mbolea, la sivyo shokapu itagonga mwisho wake kwenye kila shimo.

Nimeona karakana ambako springi hukatwa kwa msumeno ili iwe fupi. Huo ni uharibifu. Ugumu wa springi huenda kinyume na idadi ya mizunguko yake: ukiikata mizunguko 4 katika 20, ile iliyobaki itakuwa ngumu kwa robo zaidi ya awali. Mpandaji mwepesi, ambaye tayari aliiona ngumu mno, amezidishiwa ugumu. Kuipasha moto ili inywee ni vibaya zaidi, maana chuma hupoteza uwezo wake wa kurudi.

Pale fremu inaposhushwa

Ikiwa pengo lingali kubwa, hubaki njia ya kuishusha pikipiki yenyewe, kwa kuweka shokapu fupi zaidi nyuma. Nilifanya hivyo nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Uingereza, kwa kuwa nami si mrefu, na pikipiki ya mtumba niliyoinunua ilikuwa ya mtu wa mita moja na tisini. Niliishusha nyuma tu. Usiku wa kwanza taa yangu ya mbele ilimulika madirisha ya ghorofani. Asubuhi niliikuta pikipiki imelala chini, kwa sababu stendi ya pembeni ilikuwa sasa ndefu mno na iliifanya isimame karibu wima. Upepo ukamalizia kazi. Lakini kilichonitisha ni kwenye kona: haikutaka kugeuka.

Sababu yake ni hii. Mhimili wa usukani umelazwa nyuma, kwa kawaida nyuzi zipatazo 27 kutoka wima. Ukiurefusha mhimili huo kwa mstari hadi ardhini, utakutana na ardhi mbele ya mahali tairi linapogusa. Umbali kati ya nukta hizo mbili, ambao katika makala haya tutauita mburuto, ndio unaolifanya gurudumu lifuate njia iliyonyooka, kama gurudumu dogo la kitoroli lifuatavyo nyuma ya mhimili wake. Kwa gurudumu la nusu kipenyo cha milimita 300, lililosogezwa mbele ya mhimili milimita 50, mburuto ni milimita 97. Ukishusha nyuma milimita 30 katika pikipiki yenye milimita 1,300 kati ya magurudumu, fremu yote huinama kwa nyuzi 1.3. Mhimili sasa una nyuzi 28.3, na mburuto umekua hadi milimita 105 hivi. Usukani huwa mzito na mvivu. Anayeshusha mbele peke yake hupata kinyume chake, usukani mwepesi mno unaotetemeka katika mwendo wa kasi, na hilo ndilo la kuogopwa zaidi.

Dawa ni kushusha pande zote mbili kwa kadiri moja. Mbele, shokapu hulegezwa katika vibano vyake na kupandishwa juu kidogo. Kwa sababu zimelala, kupandisha milimita 30 hushusha fremu milimita 27. Kisha lazima shokapu zibonyezwe hadi mwisho, pikipiki ikiwa imezimwa, ili kuhakikisha kwamba tairi wala madigadi havigusi kibano cha chini. Nyuma, fundi aangalie ni shokapu ya namna gani. Zile mbili za ubavuni, zilizofungwa karibu na ekseli, humshusha mpandaji takriban sawa na ufupi ulioongezwa. Ile moja iliyofichwa chini ya kiti hufanya kazi kwa wenzo: sentimita moja ndani yake yaweza kuwa mbili au tatu kwenye gurudumu, na anayebahatisha vipimo hapo hulisukuma tairi kwenye madigadi. Mkazo wa cheni upimwe upya, taa ielekezwe chini, na stendi ifupishwe.

Gharama ya mwisho ni uwazi chini ya injini. Kila sentimita anayoipata mpandaji, jiwe la barabarani nalo huipata. Kwa muuguzi wa mjini ni hasara ndogo. Kwa afisa ugani wa Uluguru si ndogo hata kidogo, na ndiyo maana nilimshauri ashushe fremu sentimita 2 tu, baada ya kiti na springi kutoa vyote vilivyoweza kutoa.

Fundi wa Morogoro aliikamilisha kazi kwa siku mbili. Sponji ilipungua sentimita 2.5, pembe za mbele za kiti zilichongwa, springi zililegezwa ngazi mbili, fremu ikashuka sentimita 2 mbele na nyuma. Afisa yule sasa hukanyaga kwa wayo mzima wa mguu mmoja pikipiki ikiwa imeinama nyuzi chache tu, na pikipiki imebaki mikononi mwake. Hajaanguka tena tangu wakati huo, ila mara moja alikaribia, akasimama pembeni mwa barabara ya lami kumsalimu mtu. Barabara zetu huinuka katikati na kushuka pembeni ili maji yatiririke, nasi huendesha upande wa kushoto. Mguu wa kushoto, ambao ndio hushuka kwanza kwa kuwa wa kulia uko kwenye breki, hukuta ardhi iko chini zaidi ya ilivyotazamiwa. Siku hizi, kabla ya kusimama, hutafuta mahali palipoinuka upande wa kushoto.